Nani Kamsogelea Nani

Rubani Sikudhani hakuinuka Mwanakheri alipoingia, wala hakumwamkia. Alikuwa amekaa juu ya kitanda cha bati cha mahabusu, mguu wake mmoja umefungwa bandeji hadi gotini, na alimtazama mgeni wake kama mtu amtazamavyo mende aliyepita juu ya sahani. Mwanafunzi kumnyima mwalimu wake shikamoo ni tusi zito, na Mwanakheri alilipokea kimyakimya. Alivuta kiti akakaa.

"Nimekuja kwa maswali mawili ya sheria," alisema.

"Yalikuwa matatu."

"Sheria inataka mawili, Sikudhani."

"Ulitufundisha matatu. Darasa la tano, mstari wa mbele, mimi na mapacha wa Bi. Saumu. La kwanza, kitu na hali yake. La pili, sababu na kilichosababishwa. La tatu, vitu viwili vinafanyiana nini. Ulitupiga fimbo tulipolisahau la tatu. Leo umelisahau wewe, nikupige na mimi?"

Mwanakheri alifungua daftari lake. Alikuwa mpimaji wa mwendo wa Kitovu kwa miaka kumi na tisa, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza, na alikwishazoea kuchukiwa. Watu wa Ungo walimchukia kwa sababu ya kazi yake, na watu wa Kitovu walimwogopa kwa sababu hiyohiyo. Lakini huyu msichana yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuhesabu, na chuki ya mtu uliyemfundisha kuhesabu ina namna yake ya kuuma.

Ajali yenyewe ilikuwa ya siku tatu nyuma. Kitovu na Ungo ni miji miwili ya chuma inayoelea ndani ya pete za Zohali, na yote miwili inaishi kwa kuvuna barafu. Siku hiyo tishari la barafu la Ungo, rubani Sikudhani binti Mbaruku, na tishari la barafu la Kitovu, rubani Chande Mwinshehe, yaligongana ubavu kwa ubavu. Wa Kitovu walikufa saba. Wa Ungo walikufa wanne. Marubani wote wawili walinusurika, jambo ambalo lilimkera kila mtu.

"Kwa nini hukupiga hodi?" Mwanakheri aliuliza.

Swali hilo lilikuwa na historia ndefu. Wazee waliokuja Zohali walikuja na mizigo michache na adabu zao zote, na hodi ilikuwa mojawapo. Chombo kinachokisogelea chombo kingine kinapiga hodi redioni; kilichotulia kinajibu karibu, kinasema pita kushoto au pita kulia, mambo yanakwisha. Duniani jambo hilo halina utata. Nyumba imekaa pale ilipo na mgeni ndiye mwenye miguu. Huku juu nyumba na mgeni vyote vinaelea, na wazee hawakulifikiria hilo walipokuwa wanafunga mizigo. Kwa hiyo Kitovu wakatunga sheria, maana mwenye nguvu hakosi sheria: katika kila mkaribiano yupo mmoja aliyetulia na mmoja anayesogea, anayesogea ndiye apigaye hodi, na wakigongana, aliyesogea ndiye mkosaji. Rubani mkosaji hutolewa nje. Anavishwa vazi lenye hewa ya saa sita, anasukumwa mlangoni, na mlango unafungwa.

"Kwa nini yeye hakupiga?" Sikudhani alijibu.

"Anayekuja ndiye apigaye hodi."

"Na nani alikuwa anakuja? Injini nilizima dakika ishirini kabla. Kalamu yangu ilikuwa inaelea mbele ya pua yangu, haiendi mbele, hairudi nyuma. Kila kitu ndani ya chombo changu kilikuwa kimetulia kama maji ya mtungini. Nikatazama dirishani, namwona Chande anakua. Anakua, anakua. Nikasema, leo mgeni ni yeye, na apige hodi yeye. Miaka sitini babu zetu na baba zetu wanapiga hodi wao tu, hata wakiwa wamekaa kwao. Nikasema leo hapana."

"Ulikuwa na muda gani?"

"Dakika kumi na moja." Sauti ya Sikudhani ilishuka. "Ningegusa usukani mara moja tu, ningepita pembeni. Najua. Unafikiri sijui? Nina watu wanne wamelala kwenye jokofu la Ungo, na wawili kati yao nilikula nao asubuhi. Lakini na yeye alikuwa na dakika kumi na moja zilezile, Mwalimu. Na yeye alikuwa na usukani."

Mwanakheri aliandika majibu yake, akafunga daftari.

"Ya Shaame uliyaandika hivyohivyo kabla hajatolewa nje?" Sikudhani aliuliza. "Jabu je? Na Kidawa?"

Mwanakheri alisimama akatoka. Nje, ukutani, lilitundikwa vazi jeupe lililokwishapimwa kwa urefu wa Sikudhani. Hukumu ilikuwa kesho, lakini mafundi wa Kitovu hawakupenda kufanya kazi kwa haraka.

Chande Mwinshehe alikuwa wodini, mkono wake mmoja hauna kazi tena. Alikuwa mwanamume mkubwa mwenye aibu, na alizungumza huku akitazama dari.

"Mimi nilikuwa nimekaa kitako," alisema. "Injini nimezima. Kijiko changu kinaelea, hakitikisiki. Nikamwona yule binti anakuja, nikasubiri hodi. Sikuisikia. Nikasema ataipiga sasa hivi. Sikuisikia. Sasa nimpishe nani, Bi. Mwanakheri? Mtu hatoki nyumbani kwake kumpisha mgeni asiyebisha. Nilifundishwa hivyo. Baba yangu alinifundisha hivyo."

"Dakika ngapi ulisubiri?"

"Kumi na moja," alisema Chande, akaanza kulia kwa nguvu mpaka muuguzi akaja.

*

Chumba cha upimaji kilikuwa juu kabisa ya Kitovu, na ndani yake kulikuwa na chombo ambacho watoto wa miji yote miwili walitishiwa nacho. Kilikuwa sanduku la chuma, ukubwa wake kama kabati la vyombo, lililofungwa kufuli tatu. Kiliitwa Kigingi. Watu waliamini kwamba ndani yake kulikuwa na mashine iliyoshika utulivu wa mbingu yenyewe, pale ambapo hakuna kinachokwenda. Ukikipa kumbukumbu za safari ya chombo chochote, Kigingi kilikuambia chombo hicho kimetulia au kinasogea, na kwa kasi gani. Hakikukosea. Hakikuwahi kupingwa hata siku moja.

Mwanakheri aliingiza kumbukumbu za matishari mawili. Jibu lilitoka papo hapo. Tishari la Kitovu: sifuri. Tishari la Ungo: mita nne kwa sekunde.

Alijua litakuwa hilo. Alilijua kabla hajapanda ngazi, kama alivyojua la Shaame, la Jabu na la Kidawa, kwa sababu funguo za kufuli zile tatu zilikuwa shingoni mwake, na ndani ya Kigingi hamkuwa na mbingu yoyote. Mlikuwa na bamba moja la saketi na gurudumu dogo la shaba lenye alama. Gurudumu lilielekezwa kwenye kasi ya mji wa Kitovu. Kigingi kilichukua mwendo wa kila chombo, kikatoa humo mwendo wa Kitovu, kikasema kilichobaki. Hesabu ya kutoa, basi. Mtoto wa darasa la tano angeweza kuifanya. Kitovu kilikuwa kimetulia kwa sababu mtu mmoja aligeuza gurudumu akasema na kitulie.

Mtu huyo alikuwa Maalim Shekue, mwalimu wake. Alimwonyesha siku aliyomkabidhi funguo. Mwanakheri alikuwa na miaka ishirini na sita, na aliona aibu kwa niaba ya mzee wake.

"Huu ni uongo, Maalim."

"Ni uongo uliomaliza vita," Maalim Shekue alisema. "Wewe hukuviona. Miaka tisa tulichinjana kwa sababu kila upande ulisema mwingine ndiye aliyeusogelea. Na kila upande ulisema kweli! Hapo ndipo penye balaa. Ukiwa ndani ya chombo kinachokwenda mwendo mmoja, huwezi kujua kama unakwenda. Mwendo haumo ndani ya kitu kama utamu ulivyomo ndani ya sukari. Uko baina ya vitu viwili. Sasa nenda ukawaambie watu wenye maiti wao mikononi kwamba kosa liko baina. Watakuelewa?"

Mwanakheri alichukua funguo. Akajiambia kwamba akiwa yeye ndiye mpimaji, siku moja atatengeneza. Miaka kumi na tisa baadaye alikuwa ametia saini hukumu za watu watatu, wote wa Ungo, na kila mmoja alimtazama usoni wakati wa kuvishwa vazi. Swali la tatu aliendelea kuwafundisha watoto wa miji yote miwili darasani, na barazani akaliacha. Ndiyo njia aliyoipata ya kulala usingizi.

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Mwenyekiti wa Baraza, Hamadi Mkadam, aliingia na fimbo yake ya kutembelea, akaketi juu ya meza kana kwamba ni yake. Naam, karibu kila kitu Kitovu kilikuwa chake.

"Nimesikia binti amekuuliza juu ya swali la tatu," alisema.

"Una masikio marefu, Mwenyekiti."

"Ndiyo maana nimezeeka. Bi. Mwanakheri, watu mia tatu wa Ungo wamekuja kusikiliza kesho. Watu wetu watakuwa mia tatu. Kuna maiti kumi na moja. Wewe utasoma namba mbili, utatia saini, binti atatoka nje, na watu wataondoka na hasira zao makwao. Tumelifanya hili mara nyingi."

"Mwanangu wa darasani yule."

"Kila mtu ni mwana wa mtu." Mkadam aliinua fimbo akagonga Kigingi polepole, mara mbili. "Najua kilichomo. Shekue alikuwa rafiki yangu. Na najua saini zilizoko chini ya zile karatasi tatu ni za nani. Si zangu. Ukifungua sanduku hili mbele ya watu, unadhani watamtafuta Shekue? Amekufa. Watanitafuta mimi? Mimi sijui fizikia, mimi ni mzee tu niliyeamini mtaalamu. Watakutafuta wewe."

"Na Sikudhani?"

"Atakushukuru," Mkadam alisema, akacheka kicheko kibaya. "Mkuki kwa nguruwe, mama. Umewatoa wenzako watatu kwa kalamu. Je, unaweza kutoka mwenyewe?"

Alipoondoka, Mwanakheri alikaa sakafuni akaegemea Kigingi. Alimchukia Mkadam, na alijichukia mwenyewe zaidi, kwa sababu katika yale yote aliyoyasema hakuona hata moja la uongo. Aliogopa. Hakutaka kufa. Alitaka kuendelea kufundisha darasa la tano na kunywa chai ya tangawizi na kulalamikia magoti, na kwa hayo ilimtosha kusoma namba mbili.

*

Ukumbi ulijaa. Watu wa Kitovu walikaa kulia, watu wa Ungo kushoto, na njia ya katikati ilikuwa pana kuliko kawaida kwa sababu hakuna aliyetaka kukaa karibu nayo. Hapakuwa na salamu. Mama mmoja wa Kitovu alikuwa ameshika picha ya mwanawe aliyekufa na kuielekeza upande wa pili, na mwanamume mmoja wa Ungo alikuwa amemshikia picha ya marehemu wake vilevile. Walinyoosheana picha hizo mpaka mikono ikachoka.

Marubani wawili waliketishwa mbele, kila mmoja na kiti chake cha magurudumu cha hospitali, wakitazamana kwa karibu. Mwanakheri alisimama kando yao. Kigingi kililetwa na wanaume wanne kikawekwa mezani, na namba zake zilionekana kubwa ukutani.

"Swali la kwanza," alianza, kama sheria ilivyotaka. "Kitu gani, na kilikuwa katika hali gani? Rubani Sikudhani, hali ya chombo chako?"

"Kimetulia."

Upande wa kulia ukazomea.

"Rubani Chande?"

"Kimetulia."

Upande wa kushoto ukazomea kwa zamu yake.

"Swali la pili. Nini kilisababisha nini? Nani aliwasha injini katika dakika kumi na moja za mwisho? Kuwasha injini hakufichiki. Kalamu hudondoka, kijiko hugonga ukuta, mtu husukumwa kwenye kiti chake. Nimesoma kumbukumbu za vyombo vyote viwili." Alifunga daftari. "Hakuna aliyewasha."

"Basi tusomee Kigingi," alisema Mkadam kutoka kiti chake cha juu.

Mwanakheri alibonyeza. Ukutani ikaandikwa: Kitovu, sifuri. Ungo, nne. Kulia wakapiga makofi. Kushoto watu wakasimama, na walinzi nao wakasimama. Katikati ya kelele hizo Sikudhani, uso wake mkavu, alitazama mlango wa pembeni ambako vazi jeupe lilikuwa limeletwa.

Mwanakheri naye alilitazama lile vazi, kisha akatia mkono shingoni akatoa funguo.

"Kuna swali la tatu," alisema.

"Sheria haina swali la tatu," Mkadam alisema haraka.

"Lilikuwemo. Tuliliondoa. Chande, mwanangu, inua mguu wako uuweke kwenye kiti cha Sikudhani. Sasa msukume."

Chande alimtazama kama mwendawazimu, lakini alikuwa mtu wa kutii. Alisukuma. Kiti cha Sikudhani kikarudi nyuma kuelekea upande wa Ungo. Kiti cha Chande nacho kikarudi nyuma kuelekea upande wa Kitovu. Watu wa mbele walilazimika kuvidaka.

"Sikudhani hakumgusa hata kwa kidole," Mwanakheri alisema. "Chande kamsukuma, naye kasukumwa, kwa nguvu ileile, kwa wakati uleule. Huwezi kumgusa mtu naye asikuguse. Nendeni karakana mkayatazame matishari. Yametengenezwa na mafundi walewale, na mbavu zake zimebonyea sawasawa. Kugongana si kitu kinachomtoka mmoja kikamwingia mwingine. Ni cha wawili. Na kile kimya cha dakika kumi na moja pia kilikuwa cha wawili. Kila mmoja alisubiri kuheshimiwa."

"Kigingi kimesema!" mtu alipiga kelele kutoka kulia.

"Kigingi," Mwanakheri alisema, "ni hiki."

Alifungua kufuli ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alivuta mlango ukafunguka, na watu mia sita wakanyoosha shingo kuona utulivu wa mbingu. Waliona bamba la saketi na gurudumu la shaba lisilozidi kitumbua kwa ukubwa. Mtu mmoja alicheka, kisha akaacha.

"Hapa limeelekezwa Kitovu," alisema. "Ona sasa."

Aligeuza gurudumu kwa vidole viwili. Namba ukutani zikabadilika. Ungo, sifuri. Kitovu, nne.

Hakuna aliyezomea. Aligeuza tena. Ukutani ikatokea kilomita kumi na nane kwa sekunde, kwa vyombo vyote viwili.

"Hapa nimelielekeza Zohali. Huu ndio mwendo wa kila mtu aliye katika ukumbi huu, tangu azaliwe, hata akiwa amelala. Kama anayesogea ndiye mkosaji, tuvae mavazi sote tutoke nje. Hakuna mahali palipotulia. Hapajawahi kuwapo. Palikuwa na mkono wa mtu juu ya gurudumu."

Mkadam alikuwa amesimama. "Basi wamesogea wote wawili," alisema kwa sauti kubwa. "Sheria ni sheria. Watoke wote wawili!"

Lakini hilo halikupata wa kuliunga mkono, kwa sababu Kitovu hawakuwa tayari kumtoa Chande. Minong'ono ilipita kulia kama upepo ndani ya nyasi: mtoto wetu huyu, alikuwa amezima injini, kosa lake nini? Na kwa mara ya kwanza mtu wa Kitovu alisikia maneno aliyokuwa akiyasema mtu wa Ungo kwa miaka sitini, yakitoka katika kinywa chake mwenyewe. Mkadam alitazama kulia, akatazama kushoto, akakaa chini. Alikuwa mzee, lakini hesabu ya watu aliijua.

"Waachiliwe," alisema. "Wote wawili. Baraza litatafuta sheria nyingine."

Mwanakheri aligeuka kwa furaha. Sikudhani alikuwa amejifunika uso kwa viganja na mabega yake yalitetemeka. Atakuwa hai. Kesho na kesho kutwa atakuwa hai.

Ndipo aliposimama mwanamke mmoja upande wa kushoto, mfupi, mwenye kanga nyeusi mabegani. Mwanakheri alimjua. Kila mtu alimjua. Alikuwa Bi. Mafunda, mama yake Shaame.

"Nina swali, Bi. Mpimaji," alisema, na sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa na kiu. "Mwanangu aliniambia alikuwa ametulia. Siku ya mwisho, kwenye dirisha la mahabusu, alinishika mkono akaniambia, mama, mimi nilikuwa nimetulia. Mimi nikamwambia, mwanangu, tubu, Kigingi hakikosei. Ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Alikuwa amesema kweli?"

Mwanakheri angeweza kusema sijui. Angeweza kusema ni mambo magumu ya hesabu.

"Alisema kweli," alijibu. "Yeye na mwenzake, wote wawili."

"Wewe ulilijua hilo lini?"

"Bi. Mafunda..."

"Lini?"

"Kabla yake. Nililijua siku niliyopewa funguo."

Bi. Mafunda hakulia. Alikaa chini polepole, na wanawake wa pande zote walimwona anavyokaa. Kisha kelele zikalipuka, na safari hii hazikuwa na kulia wala kushoto.

"Mmesikia!" Mkadam alikuwa wima tena, fimbo juu. "Amekiri! Ametudanganya Kitovu na ametudanganya Ungo! Miaka kumi na tisa!"

"Na wewe ulijua," Mwanakheri alimwambia. "Jana uligonga sanduku kwa fimbo hiyo ukaniambia unajua."

Labda wa mstari wa kwanza walisikia. Wengine hawakutaka kusikia. Walikuwa wamepata walichokuwa wakikitafuta tangu maiti kumi na moja zilipolazwa, kitu kimoja cha kunyooshea kidole, na hawakuwa tayari kugawiwa cha pili. Mwanakheri aliliona hilo waziwazi na akashangaa kwamba halikumshangaza. Alikuwa ametoka kuwafundisha kwamba kosa liko baina ya watu, na somo lilikuwa limedumu kwa muda wa kuchemsha yai.

"Hatuna mpimaji, hatuna Kigingi," Mkadam alisema, sauti yake sasa tulivu. "Tunabaki na mikono yetu. Anayesema mwanamke huyu atoke nje kwa ajili ya watatu aliowatoa, anyooshe mkono. Kitovu na Ungo, wote mpige kura pamoja."

Katika miaka sitini miji hiyo miwili haikuwahi kupiga kura pamoja. Watu walitazamana kuvuka njia ya katikati. Yule mama mwenye picha na yule mwanamume mwenye picha walitazamana. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza, na kwa kitambo kidogo Mwanakheri alidhani huenda kusiwe na wa kwanza kabisa.

Sikudhani aliinuka kwenye kiti chake cha magurudumu. Aliegemea mguu mzima, akamgeukia Mwanakheri, macho yake yakiwa bado na machozi.

"Maisha yangu umenipa wewe, Mwalimu," alisema. "Nakushukuru kwa moyo wote, na nitakuombea mpaka nife. Shaame alikuwa na miaka ishirini."

Kisha akanyoosha mkono.

Wa pili ulikuwa wa Chande, mkono wake mmoja uliobaki na kazi. Baada ya hapo ilikuwa mikono kulia na mikono kushoto, na watu waligeuka kutazamana huku wameinyoosha, wakiitikiana kwa kichwa kama majirani.